Bitcoin Core inauawa katikati nikiijenga kwenye laptopu ya RAM 4GB

Mwalimu_wa_Hesabu

Habari za jioni wakuu.

Mimi nafundisha hesabu sekondari, niko Mwanza. Nina ThinkPad ya mtumba, RAM 4GB, diski ya kawaida ya GB 320, Ubuntu 22.04. Nataka kujenga Bitcoin Core, programu ya kuendesha sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, kutoka kwenye msimbo wake, toleo 29.0, na niitumie kwa amri tu kwenye terminali.

Kabla hamjaniuliza kwa nini najisumbua: mwaka juzi niliweka akiba yangu kwenye tovuti moja iliyokuwa inatutunzia sarafu. Siku moja nimeingia, ukurasa unasema huduma imesitishwa kwa muda. Huo muda haujaisha mpaka leo. Ufunguo sikuwa nao, faili sikuwa nalo, nilichokuwa nacho ni nywila ya tovuti ya watu. Safari hii sitaki kuweka hata shilingi kabla sijaelewa pesa inakaa wapi na inatokaje.

Nilianza na maelezo niliyoyakuta mtandaoni, yanasema anza na ./autogen.sh. Nikapata:

`bash: ./autogen.sh: No such file or directory`

Nikadhani nimeshusha kitu pungufu, nikashusha upya, bando likateketea. Baadaye ndiyo nikajua siku hizi wanatumia CMake, chombo kingine cha kujengea. Basi nikaandika:

`cmake -B build`
`cmake --build build -j4`

Asilimia zikaanza kupanda, feni inavuma. Ikifika sitini na kitu, kishale kinaganda, hata saa ya pale juu haisogei. Dakika kadhaa baadaye:

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`
`compilation terminated.`

Nimerudia mara tatu, inafia karibu palepale. Ni mafaili yameharibika au laptopu ndiyo haiwezi? Natanguliza shukrani.

---

Kijana_wa_Kaloleni

Mwalimu, unajitesa bure. Nenda bitcoincore.org, shusha ile iliyokwisha kujengwa ya Linux, ifungue, ndani utakuta bitcoind (programu yenyewe) na bitcoin-cli (ya kuipa amri) tayari. Ni programu ileile. Kujenga mwenyewe ni kazi ya wanaoandika msimbo.

---

Fundi_wa_Makadara

Mwalimu, pole na kazi. Hakuna kilichoharibika. Andika hii uone:

`sudo dmesg | grep -i "killed process"`

Utakuta mstari wenye Out of memory na jina cc1plus. Huyo ndiye mkompaili wa C++ mwenyewe, anayegeuza msimbo kuwa programu. Ulipoandika -j4 uliwaita wanne kwa mpigo, kila mmoja na faili lake. Maelezo ya Bitcoin Core yanapendekeza angalau GB 1.5 ya kumbukumbu kwa kukompaili. Wewe una 4, Ubuntu imeshajimegea yake, na nadhani kivinjari kilikuwa wazi unasoma maelezo. Mafaili hayalingani uzito. Mepesi yakipita huoni kitu, mazito manne yakikutana kumbukumbu inakwisha, na Linux ikiona inazama humuua mmoja ili wengine wapone. Ndiyo hiyo Killed.

Mimi nilijenga mara ya kwanza 2021, hapa Mombasa, kwenye kompyuta ya mezani ya RAM 2GB niliyokuwa nachapishia kadi za harusi. Kama ile ilifika, yako itafika. Enzi hizo ilikuwa hiyo autogen.sh uliyoikuta. Iliondolewa na toleo la 29, Aprili 2025, na maelezo mengi mtandaoni hayajaguswa tangu hapo. Ushauri wangu ni huu: soma doc/build-unix.md iliyomo ndani ya folda uliyoshusha. Hiyo inakwenda na toleo lako, haiwezi kukupoteza.

Sasa kazi. Kwanza ongeza swapu, yaani kipande cha diski kikae badala ya RAM. Ubuntu huenda imeshajiwekea /swapfile, kwa hiyo hili lipe jina jingine:

`sudo fallocate -l 4G /swapfile2`
`sudo chmod 600 /swapfile2`
`sudo mkswap /swapfile2`
`sudo swapon /swapfile2`

Kisha hakikisha vitu vyake vipo:

`sudo apt install build-essential cmake pkgconf python3 libevent-dev libboost-dev libsqlite3-dev`

Hiyo libsqlite3-dev usiiache, ndiyo inayobeba pochi. Halafu futa folda ya zamani uanze upya:

`rm -rf build`
`cmake -B build -DBUILD_TESTS=OFF -DCMAKE_CXX_FLAGS="--param ggc-min-expand=1 --param ggc-min-heapsize=32768"`
`cmake --build build -j1`

Hizo --param zinamwambia mkompaili asafishe kumbukumbu yake mara kwa mara badala ya kulimbikiza. Atakwenda polepole, ila atafika. BUILD_TESTS=OFF inaacha majaribio ambayo nayo ni mzigo mkubwa. Siku ukipata mashine ya kuazima yajenge na uyaendeshe kwa `ctest --test-dir build`, maana ndiyo yanayokuonyesha kwamba ulichokijenga kinafanya kazi inavyotakiwa. Funga kivinjari, funga kila kitu, anza usiku, ulale.

Umeme ukikatika usilie. Yaliyokwisha kompailiwa yamebaki kwenye diski. Rudia ile amri ya mwisho tu, itaendelea ilipoishia. Kuna jambo moja lilinishika siku nzima: umeme ulikatika faili likiwa linaandikwa nusu, nikaja kuambiwa mwishoni "file truncated" na jina la faili lenye mkia .o. Nilifuta hilo moja tu, nikarudia amri, likajengwa upya.

Ukimaliza utakuta programu ndani ya build/bin. Na hapa nakuomba sana, usikimbilie mtandao wenyewe. Mnyororo mzima, yaani bloku zote za miamala ya Bitcoin tangu mwanzo, umepita GB 600. Watu watakuambia weka prune=550 upunguze. Ni kweli prune inapunguza kinachobaki kwenye diski, ila bado lazima vyote vipite kwako mara moja vikaguliwe. Kwa bando la simu huwezi. Anza na regtest: mnyororo wako binafsi, ndani ya laptopu yako, hauhitaji intaneti hata chembe, na wewe ndiye unayeamua bloku itoke lini.

`cd build/bin`
`./bitcoind -regtest -daemon`
`./bitcoin-cli -regtest createwallet darasa`
`./bitcoin-cli -regtest -generate 101`
`./bitcoin-cli -regtest getbalance`

Itakujibu 50.00000000. Mbona 101 na si 1? Kwa sababu sarafu anazozawadiwa mchimbaji, yaani anayetengeneza bloku, hazitumiki mpaka bloku 100 nyingine zipande juu ya bloku yake. Ukichimba 100 salio ni sifuri. Ile ya 101 ndiyo inayokomaza ya kwanza. Wewe ni mtu wa hesabu, jaribu moja moja kuanzia 100 uone kwa macho yako.

Tengeneza pochi ya pili, iite duka, utume kutoka darasa kwenda duka. Pochi zikiwa mbili lazima utaje ipi kwa -rpcwallet. Fanya hivyo hata mara ishirini, ukosee, uanze tena. Hakuna atakayekudai.

---

Binti_Ujiji

Naunga mkono maneno ya Fundi, na kaka wa Kaloleni naye hajakosea: iliyokwisha kujengwa inafaa kabisa kwa mtu mwenye haraka. Ila nyote mmeruka kitu ambacho kwangu ndicho cha kwanza. Mtajuaje kwamba mlichoshusha kimetoka kwa wenyewe?

Ukishusha iliyojengwa, shusha pia SHA256SUMS na SHA256SUMS.asc, uziweke folda moja:

`sha256sum --ignore-missing --check SHA256SUMS`
`gpg --verify SHA256SUMS.asc SHA256SUMS`

Ya kwanza inakuambia faili lako linalingana na orodha. Ya pili inakuambia orodha yenyewe imesainiwa na nani. Ukiishia kwenye ya kwanza hujafanya kitu, kwa sababu aliyeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na orodha. Funguo za watu wanaosaini ziko kwenye hazina ya guix.sigs, folda builder-keys, uziingize kwanza. Watu hao kila mmoja anajenga kwenye mashine yake, mbali na mwenzake, na wote wanapata faili lilelile, baiti kwa baiti. Mimi hilo ndilo lililonifanya niiamini hii programu.

Mwalimu, wewe unayejenga kutoka kwenye msimbo, shusha hivi uokoe bando:

`git clone --depth 1 --branch v29.0 https://github.com/bitcoin/bitcoin.git`
`cd bitcoin`
`git verify-tag v29.0`

Ukiona Good signature, chini yake kuna onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa na sahihi unayoiamini. Hilo onyo linatisha watu wengi. Maana yake ni kwamba wewe binafsi hujausaini ufunguo huo. Linganisha alama ya ufunguo (fingerprint) kutoka sehemu mbili au tatu tofauti, kisha endelea.

---

Mwalimu_wa_Hesabu

Wakuu, nimefika! Fundi, dmesg ilisema vilevile ulivyosema, cc1plus wameuawa watatu, mmoja kwa kila jaribio. Nilianzisha saa nne usiku, nikalala. Saa tisa nimeshtuka kwa ukimya, feni imenyamaza, nikajua imekufa tena. Kuangalia, 100%. Nilikaa pale kitandani na laptopu mapajani, naiangalia tu.

Dada Binti, sahihi nimezikagua. Nilishusha tena kwa --depth 1, na kweli ilikuwa ndogo sana kuliko mwanzo.

Nilifanya la 100 kwanza kama Fundi alivyosema. Salio sifuri. Nikaongeza moja, 50. Nikatengeneza pochi ya duka, nikapata anwani inayoanza na bcrt1, nikatuma 12.5. Nikajibiwa:

`Fee estimation failed. Fallbackfee is disabled. Wait a few blocks or enable -fallbackfee.`

Nikasubiri bloku, nikachimba nyingine tano, bado. Nikasimamisha bitcoind ili niwashe upya, labda itapona. Nilipowasha:

`No wallet is loaded.`

Nimeganda. Najua ni sarafu za kuchezea, lakini moyo umenienda mbio kama siku ile ya tovuti. Pochi zangu zimefutika?

---

Fundi_wa_Makadara

Hazijafutika, Mwalimu. Kosa ni langu, sikukutahadharisha. Pochi ni folda kwenye diski, ~/.bitcoin/regtest/wallets, nenda ukazione kwa ls. Ukizima programu hazifunguki zenyewe, ni kama daftari uliloliacha kabatini:

`./bitcoin-cli -regtest loadwallet darasa`
`./bitcoin-cli -regtest loadwallet duka`

Ile ya ada: kwa kawaida programu hutazama miamala ya wengine mtandaoni ikakisia ada inayofaa. Kwenye regtest uko peke yako, haina wa kumtazama, na haitaki kukubunia. Iwekee kiwango wewe. Fungua ~/.bitcoin/bitcoin.conf, kama halipo litengeneze, uandike:

`[regtest]`
`fallbackfee=0.0002`

Zima kwa `./bitcoin-cli -regtest stop`, washa, fungua pochi, tuma. Na kama unataka hesabu zako zianze safi, futa folda ya ~/.bitcoin/regtest uanze na bloku 101 upya. Kwenye regtest hiyo ni ruhusa. Kwenye mtandao halisi usithubutu kamwe kufuta folda yenye wallets.

---

Mwalimu_wa_Hesabu

Imekubali. Nilifuta, nikaanza upya, naandika namba hapa kwa sababu zimenichukua jioni nzima na sijapata somo tamu kama hili siku nyingi.

Darasa ina 50. Nikatuma 12.5 kwenda duka. Papo hapo darasa ikasoma 37.49997180. Kwa hiyo ada ni 0.00002820, yaani satoshi 2820 (satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya bitcoin). Nikautazama muamala: ukubwa wake (vsize) ni baiti pepe 141, kipimo cha kupigia ada. Kiwango nilichoandika ni 0.0002 kwa kila baiti pepe 1000, sawa na satoshi 20 kwa kila moja. 141 mara 20 ni 2820. Imegonga!

Upande wa duka getbalance ikasema sifuri. Nikaandika getbalances, ile yenye s, nikaona 12.5 imekaa chini ya untrusted_pending. Pesa imeshaonekana ila haijaaminiwa. Nikachimba bloku moja:

`./bitcoin-cli -regtest -rpcwallet=darasa -generate 1`

Duka ikawa 12.50000000. Lakini darasa nayo ikaruka kutoka 37.49997180 hadi 87.49997180. Hiyo 50 imetoka wapi, wakati zawadi ya bloku mpya bado haijakomaa? Nikazunguka chumbani na chai mkononi, ndipo nikaipata: ile bloku ya 102 imeikomaza ya pili. Fundi, niko sahihi?

---

Fundi_wa_Makadara

Uko sahihi, na ile ada yako ya satoshi 2820 umejilipa mwenyewe, imo kwenye zawadi ya bloku ya 102. Itakomaa ukifika 202.

---

Kijana_wa_Kaloleni

Mwalimu, nimesoma zile namba mara mbili. Natumia hii kitu miaka mitatu na sikuwahi kujua ada inapatikanaje. Nawasha regtest leo.

Swali kwa Fundi: mtandao halisi wewe uliupataje? Nyumbani natumia bando la simu kama Mwalimu.

---

Fundi_wa_Makadara

Nilibeba diski ya TB 1 kwa rafiki yangu mwenye nodi, yaani kompyuta inayotunza na kukagua mnyororo mzima. Tulizima nodi yake kwanza, kunakili ikiwa inaendelea kuandika ni kuharibu. Nikachukua folda ya blocks yote kama ilivyo. Tangu toleo la 28 kuna kifaili humo ndani kinaitwa xor.dat, na bila hicho bloku zilizoandikwa nacho hazisomeki, kwa hiyo usichaguechague. Folda ya chainstate sikuichukua makusudi. Ile ni hesabu aliyoipiga yeye, ya nani ana nini. Ningeichukua ningekuwa namwamini yeye. Nikawasha kwa -reindex, mashine yangu ikapiga hesabu yenyewe kuanzia bloku ya kwanza. Ilichukua siku nyingi, dbcache (RAM inayotengewa hifadhidata) nimeongeza, kompyuta iko kwenye UPS.

Mwenye prune aangalie umeme hapa. Hifadhidata ya chainstate ikiharibika, mwenye bloku zote ana -reindex-chainstate, anarudia hesabu bila kushusha kitu. Kwa mwenye prune amri hiyo inakataliwa. Inabidi -reindex kamili, na bloku hana, kwa hiyo zote zaidi ya GB 600 zinashushwa upya.

---

Binti_Ujiji

Mwalimu, kabla hujaondoka regtest, fanya mazoezi ya nywila na nakala, maana huko ndiko watu wengi wanakopotezea.

Usiandike nywila ya pochi kwenye mstari wa amri. Kila unachoandika kinahifadhiwa kwenye ~/.bash_history, na yeyote atakayeshika laptopu yako ataisoma. Kuifunga pochi kwa nywila:

`./bitcoin-cli -regtest -rpcwallet=darasa -stdin encryptwallet`

Andika nywila, Enter, kisha Ctrl-D. Inaonekana kwenye kioo, kwa hiyo kaa peke yako. Kuifungua kwa sekunde 60 ili utume:

`./bitcoin-cli -regtest -rpcwallet=darasa -stdinwalletpassphrase walletpassphrase 60`

Ukishaifunga, chukua nakala mpya kwa backupwallet. Kufunga kunatengeneza mbegu mpya (namba ya siri inayozaa funguo na anwani), nakala ya zamani haitakuwa na anwani zitakazofuata. Na Bitcoin Core haitakupa yale maneno 12 au 24 unayoyaona kwenye pochi za simu. Nakala yako ni faili, pamoja na nywila iliyomo kichwani au kwenye karatasi. Ukikosa kimojawapo, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

---

Mwalimu_wa_Hesabu

Nimefanya leo mchana baada ya vipindi. Nimeifunga darasa, nikatoa nakala kwenye flashi:

`./bitcoin-cli -regtest -rpcwallet=darasa backupwallet /media/mwalimu/FLASHI/darasa.bak`

Nikaitoa pochi kwenye programu kwa unloadwallet, nikachomoa flashi. Nikampa mdogo wangu aende nayo chumbani kwake, akae nayo saa nzima. Nilitaka nijue inakuwaje kukaa bila pochi. Aliporudi nikaichomeka:

`./bitcoin-cli -regtest restorewallet imerudi /media/mwalimu/FLASHI/darasa.bak`
`./bitcoin-cli -regtest -rpcwallet=imerudi getbalance`

87.49997180.